UZI MAALUMU: Mtoto wa paka kaingia nyumbani msimu wa baridi, wiki mbili za kwanza afanyiwe nini

#1 KonaYaUyole

Wakuu, kamwene, ndaga, na salamu kwa walioko Songea pia.

Mahindi yanaanza kuingia ndani, panya nao wameshapata habari, kila nyumba inaulizia paka. Shida ni kwamba mavuno yetu yanagongana na baridi. Juni na Julai usiku wa Mbeya mjini unashuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete ndiyo usiseme, asubuhi majani yameganda meupe. Mtoto wa paka anatolewa kwenye tumbo la mama yake alikokuwa amelaliana na ndugu zake, anawekwa peke yake juu ya saruji, kesho yake watu wanashangaa kwa nini kajikunja kona, hali wala hachezi. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yanaanza na chakula na vitu vya kuchezea. Huku kwetu anza na joto.

Kabla hujamchukua, hakikisha umri. Wiki 8 ni kima cha chini, 10 ni bora zaidi. Muuzaji atakwambia "ana miezi miwili" hata kama ana wiki tano, kwa hiyo mpime mwenyewe kwenye mizani ya dukani. Wa wiki 8 huwa na gramu 700 hadi 900. Akiwa na gramu 450 na macho bado ya bluu kabisa, ana kama mwezi mmoja tu, mrudishe kwa mama yake mkubaliane tarehe nyingine. Aliyetolewa mapema huharisha, hung'ata mikono hovyo baadaye, na hajafundishwa na mama yake kwenda chooni.

Unapomchukua, omba kitambaa alicholalia na wenzake. Usikifue. Hicho ndicho kitamtuliza usiku wa kwanza kuliko chochote utakachonunua.

Usafiri: boksi gumu lenye matundu ya kidole pande mbili, lifungwe kwa kamba, chini weka gazeti kisha kitambaa. Asile saa mbili au tatu kabla ya safari, barabara ya Tukuyu na kona zake humfanya atapike. Kumtia kwenye kiroba "asijue njia ya kurudi" ni kumnyima hewa bure. Paka wa wiki 8 hana njia yoyote kichwani.

Nyumbani, mpe chumba kimoja. Nyumba nzima kwake ni sawa na wewe kushushwa stendi ya mji usioujua saa nane usiku. Chumba cha kulala kinafaa, au stoo. Kabla hajaingia, piga magoti uangalie kwa urefu wake: nyuma ya kabati, uvungu wa kitanda, tundu la bomba, uwazi kati ya ukuta na bati. Pakipita kichwa chake, mwili wote utapita. Ziba kwa mbao au nguo kuukuu.

Kitanda chake: boksi la kama sm 40 kwa 30, lilaze ubavu au likate mlango wa sm 15. Liinue juu ya kipande cha ubao au gunia lililokunjwa mara nne, kwa sababu saruji hunyonya joto la mwili hata ukitandika blanketi. Ndani weka kile kitambaa na sweta la mtumba. Chupa ya maji ya moto, lita moja au moja na nusu, iviringishe kwa soksi nene, iweke upande mmoja tu ili akiona joto limezidi asogee. Maji yanayochemka hulegeza chupa ya plastiki ikavuja, acha yapoe dakika kumi kwanza. Chupa hiyo inashika saa nne hivi. Ukitumia kidumu cha lita 3 ndani ya sweta, joto hukaa zaidi.

Siku anayofika, weka boksi la safari chumbani, fungua, kaa chini sakafuni mbali kidogo, nyamaza. Asitolewe kwa kuvutwa. Anaweza kutoka baada ya dakika tano au baada ya saa tatu, vyote ni kawaida. Siku tatu hadi saba ndani ya chumba hicho, mpaka ale vizuri, aende chooni pale pale, na aje mwenyewe mlangoni ukiingia mkia ukiwa juu.

Maswali yaje.

#2 binti_wa_Kiwira

Ndaga fijo mkuu. Hapo kwenye joto, kuna watu huweka jiko la mkaa chumbani usiku wakafunga mlango. Naomba uliseme waziwazi.

#3 KonaYaUyole

Dada, umenikamata, nilipaswa kuanza nalo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu, sembuse kiumbe cha gramu 800 anayelala chini karibu na jiko. Mkaa usiotoa moshi nao si salama. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Joto la paka ni chupa ya maji na sweta.

Jingine la moto: kabla ya kuwasha mafiga au jiko la udongo asubuhi, chungulia ndani. Paka hupenda majivu yenye uvuguvugu, anaingia usiku analala humo. Hivyo hivyo kwa gari na bajaji, gonga boneti kabla ya kuwasha.

#4 Mlandege_mjini

Mkuu, vipi maziwa ya ng'ombe? Huku Iringa yapo ya kutosha, mtu akileta paka kitu cha kwanza ni kisahani cha maziwa.

#5 MamaUsipa

Naomba nijibu hili la chakula, refu kidogo, mnivumilie.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya maziwa ambayo paka aliyeachishwa huimeng'enya kwa shida. Inabaki tumboni, inavuta maji, anaharisha. Mtu mzima akiharisha siku mbili anachoka tu, mtoto wa paka akiharisha siku mbili kwenye baridi anaweza kufa, kwa sababu anapoteza maji na joto kwa pamoja. Wa wiki 8 hahitaji maziwa. Anahitaji maji safi kwenye kibakuli kizito kisichopinduka, mbali na chakula hatua moja au mbili, maana paka hapendi kunywa pale anapolia chakula. Asubuhi za baridi kali yafanye ya uvuguvugu, atakunywa zaidi.

Siku tatu za kwanza mpe kile kile alichokuwa anakula alikotoka, hata kama ni ugali na mchuzi wa dagaa. Kubadilisha nyumba na chakula siku moja ni kutafuta kuharisha kwa makusudi. Baada ya hapo badilisha taratibu kwa siku tano hadi saba: robo ya kipya, nusu, robo tatu.

Kipya ni kipi? Paka ni mla nyama, ugali haumjengi. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi wa kutosha. Akikikosa kwa miezi moyo hudhoofika na macho hupofuka. Kimo kwenye nyama, samaki, na zaidi kwenye moyo. Kinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ule mchuzi uliochemshia usiumwage, mpe nao.

Cha bei nafuu kwetu ni dagaa wakavu wasio na chumvi, au usipa wa Ziwa Nyasa unaopandishwa kutoka Kyela. Loweka kwenye maji ya moto dakika 20, mwaga maji hayo kwa sababu ya mchanga, osha mara mbili, chemsha dakika 10 bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, hata kilichoiva, hata kile kilichobaki kwenye mchuzi wenu. Kisha twanga kidogo kwenye kinu, na mifupa yake humo humo. Hiyo mifupa laini ndiyo kalsiamu yake. Samaki wabichi usimpe mara kwa mara, baadhi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na kuchemsha kunakimaliza.

Kipimo: wa gramu 800 anatosheka na gramu 40 hivi za dagaa wakavu kwa siku, ukiwagawa mara nne, pamoja na nusu yai lililochemshwa. Ugali au wali ukiongezwa usizidi robo ya bakuli. Mara nne kwa siku mpaka miezi minne, mara tatu mpaka miezi sita, halafu mbili. Mlo wa mwisho uwe mnapoenda kulala, tumbo likiwa na kitu anastahimili baridi.

Dagaa peke yao kila siku miezi yote nayo si sawa. Siku mbili tatu kwa wiki badilisha kwa moyo wa ng'ombe au nyama ya kuku iliyokatwakatwa. Maini mara moja kwa wiki, kiasi cha kijiko cha chai, yakizidi vitamini A hukusanyika na kuharibu mifupa. Ukimpa nyama tupu isiyo na mifupa, saga ganda la yai lililokaushwa liwe unga laini: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano.

#6 Mlandege_mjini

Mama, shikamoo. Umenifunga mdomo na kisahani changu.

#7 MamaUsipa

Marahaba. Kisahani usikitupe. Kila mlo, kabla hujamwekea, kigonge mara tatu kwa kijiko. Ndani ya wiki mbili atakuja mbio akisikia sauti hiyo popote alipo, na siku akipotelea kwa jirani utaona faida yake.

#8 Maranda_Mafinga

Choo hakijaguswa, nalileta mimi maana huku mbao ndiyo maisha.

Beseni pana lenye ukingo wa sm 7 tu, wa wiki 8 hapandi lenye ukingo mrefu. Ukiwa na beseni refu, kata upande mmoja ukilainisha makali kwa moto. Jaza sm 4 hivi. Unaweza kutumia mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa, au maranda. Maranda nayataka yale ya randa, yaliyojikunja, makavu. Lile vumbi la msumeno linaingia puani na machoni, na mtoto wa paka aliyeanza kupiga chafya huku ni kazi kumponya. Uliza pia kama mbao zilikuwa zimetiwa dawa ya mchwa: maranda ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa yana sumu, na paka hulamba nyayo zake kutwa nzima. Ya rangi ya kijani achana nayo. Pumba za mpunga kutoka Mbarali zinafaa pia, ila nyepesi, zitatapakaa chumba kizima.

Beseni likae kona iliyo kinyume na chakula. Mweke ndani yake kila akimaliza kula na kila akiamka, chukua unyayo wake wa mbele ukwangue mara moja au mbili, basi. Siku mbili za kwanza acha kinyesi kidogo humo ili harufu imwelekeze, baadaye safisha asubuhi na jioni.

Akikosea mahali, usimsugue pua. Atajifunza kukuogopa wewe tu, na atatafuta mahali pa siri zaidi, uvunguni kwenye begi la nguo za kanisani. Futa kwa maji na siki kidogo. Dawa za kusafishia zenye amonia zinanuka kama mkojo kwake, atarudia pale pale.

#9 Igawa_junction

Mbona majivu hamyataji? Bure, hayanuki, kila nyumba yapo.

#10 Maranda_Mafinga

Kwa sababu majivu ya kuni yakilowana yanatoa magadi, kaka. Bibi zetu walichuja majivu hayo hayo wakapata magadi ya kulainishia maharage, unajua yalivyo makali kwenye ngozi. Mkojo wa paka unayalowanisha, anakanyaga, nyayo zinachubuka, analamba, mdomo unachubuka. Kijiko kimoja kikavu chini kabisa ya mchanga kukata harufu, sawa. Beseni zima, hapana.

#11 binti_wa_Kiwira

Nyongeza kwa wajawazito: wasisafishe hilo beseni. Paka anayewinda anaweza kubeba vijidudu vya toksoplazma, vinavyoweza kudhuru mimba, na vilivyomo kwenye kinyesi huchukua siku moja hadi tano kuanza kuambukiza. Ndiyo maana kusafisha kila siku kunapunguza hatari. Kama hakuna mtu mwingine nyumbani, avae glavu na anawe kwa sabuni. Hakuna sababu ya kumfukuza paka.

#12 Ghala_Vwawa

Nimesoma kote, sijaona jambo ambalo kwa msimu huu naliona kubwa kuliko maziwa na majivu. KonaYaUyole ameandika "au stoo". Stoo ipi? Kama ndiyo yenye mahindi, futa hilo mkuu.

Baadhi ya dawa za vumbi za kuhifadhia mahindi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, ndani yake, ikichanganywa na pirimifosi-methili. Soma nyuma ya pakiti. Binadamu na mbwa ini lao linaivunja permethrini, la paka linashindwa. Anatembea juu ya magunia, vumbi linaganda miguuni, analamba. Baada ya saa chache masikio yanaanza kuchezacheza, kisha mwili unatetemeka, kisha degedege. Watu wanasema "karogwa" au "kala panya mwenye sumu".

Sababu hiyo hiyo inakataza kumpaka dawa ya viroboto ya mbwa, na ile ya kuogeshea ng'ombe. Iwe saipermethrini, deltamethrini au amitrazi, zote si za paka mdogo.

Vidonge vya gesi vya kufukizia nafaka ni hatari zaidi. Gesi yake, fosfini, ikitoka ghalani, chumba cha jirani kinachoshiriki dari nacho si salama kwa paka wala kwa mtoto wa binadamu.

Ukiona ametetemeka: mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza vizuri, mkaushe, mfunge kwenye taulo, kimbia kwa daktari wa mifugo na ile pakiti mkononi. Usimnyweshe maziwa "kuua sumu". Sumu nyingine huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta ya maziwa, na anayetetemeka anaweza kupaliwa.

Na kama mnaleta paka, ondoeni sumu ya panya kwanza. Panya aliyekula sumu hafi hapo hapo, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, ndiye rahisi kukamatwa.

#13 KonaYaUyole

Nimekubali, mkuu. Someni post ya kwanza hivi: chumba cha kulala, au stoo isiyo na nafaka wala dawa za shamba.

#14 Igawa_junction

Sasa kama haruhusiwi stoo ya mahindi, panya nani atawakamata?

#15 Ghala_Vwawa

Wa wiki 8 hakamati panya, kaka. Panya buku mzima anamshinda kwa uzito. Uwindaji wa maana unaanza miezi minne hadi sita. Kwa msimu huu tumia mitego, magunia yainue juu ya chanja, ziba matundu. Paka huyu ni wa mavuno yajayo. Na lile la kumshindisha njaa ili awinde, liacheni. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, mwenye njaa anahama kwenda kuiba dagaa wa jirani.

#16 Tukuyu_mvua

Viroboto basi vinatolewaje, kama dawa zote hizo haramu? Nina wiki ya pili nasikia huyu hachoki kujikuna.

#17 binti_wa_Kiwira

Kwanza hakikisha ni viroboto. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe, vile vichembe vyeusi vinavyodondoka vidondoshee tone la maji. Vikigeuka wekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Vikiwa vingi hadi fizi zinapauka, hiyo ni dharura, mtoto wa paka huishiwa damu kabisa.

Kuosha kwenye baridi kunahitaji mpango. Subiri mchana, saa saba hivi jua likiwa kali. Maji ya uvuguvugu kama ya kuogesha mtoto mchanga. Anza na duara la povu shingoni, usipofanya hivyo viroboto vyote vitakimbilia usoni na masikioni. Kisha mwili, dakika tano, suuza. Usimmwagie kichwani, futa uso kwa kitambaa. Kausha kwa taulo mbili, mweke kwenye boksi na chupa ya moto mpaka manyoya yakauke hadi kwenye ngozi. Huko Tukuyu mvua ikinyesha siku nzima, usioshe. Tumia kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni, chana, chovya, mara mbili kwa siku.

Kiroboto mzima unayemwona ni sehemu ndogo, mayai na viluwiluwi vimo kwenye matandiko. Fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki, yaanike juani, fagia nyufa za sakafu. Dawa ya matone ya shingoni ipo, lakini iwe imeandikwa ni ya paka, ikiwa na umri na uzito unaoruhusiwa.

#18 Bwana_shamba_mstaafu

Vijana, mmeandika vizuri. Mimi naongeza minyoo na chanjo, kwa kifupi.

Watoto wengi wa paka wana minyoo kwa sababu wanaipata kwenye maziwa ya mama. Tumbo limevimba kama ngoma, mbavu zinaonekana, hiyo ndiyo picha yake. Dawa hutolewa kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Pima uzito kwanza, kisha daktari au afisa mifugo akupe kiasi. Levamizoli ya mbuzi na sindano ya ivermektini ya ng'ombe msikadirie kwa macho, tone moja la ziada kwa mnyama wa kilo moja ni nyingi.

Chanjo ya magonjwa matatu ya paka, yaani homa ya kuharisha damu na mafua mawili, huanza wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Kama nyumba hiyo paka alikufa kwa kuharisha na kutapika mwaka uliopita, kirusi chake kinaweza kukaa humo mwaka mzima. Osha sakafu, kisha paka dawa ya klorini, sehemu moja kwa maji sehemu 32, iache dakika 10. Mpya aje baada ya chanjo.

Kichaa cha mbwa: wiki 12, kisha kama daktari atakavyopanga. Kampeni nyingi hupangwa karibu na 28 Septemba, msiende na mbwa tu. Akikung'ata au kukuparua paka usiyemjua historia yake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Paracetamoli ya binadamu ni sumu kwake. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima.

#19 Mlandege_mjini

Shikamoo mzee. Nyumba ikiwa na paka mwingine mkubwa, na mbwa?

#20 KonaYaUyole

Mzee nadhani keshalala, nijibu mimi.

Paka mkubwa anajua kwa pua. Siku tatu nne za kwanza wasionane, mbadilishane vitambaa: cha mdogo kikae karibu na bakuli la mkubwa, na kinyume chake. Kisha kila mmoja alie upande wake wa mlango uliofungwa. Kisha mlango ufunguliwe upana wa vidole viwili, uzuiwe kwa kabari. Mkubwa akifoka na kuondoka, vizuri. Akikodoa macho bila kupepesa, mwili chini, mkia ukipiga sakafu, funga, rudi nyuma hatua mbili. Wiki moja hadi tatu ni kawaida. Mabeseni yawe idadi ya paka na moja juu, kwa hiyo wawili, mabeseni matatu. Watu hubisha hapa, halafu wanarudi kuuliza kwa nini mkubwa ameanza kukojoa kwenye kochi.

Mbwa afungwe kamba, ameshiba, ametembezwa, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, rafu au juu ya kabati. Mbwa wa ulinzi aliyezoea kukimbiza wanyama asiachwe naye peke yake kabisa. Vifaranga navyo vibaki kwenye tenga, huyu hajui tofauti ya mchezo na mauaji.

Watoto wa nyumbani: wakae chini sakafuni, dakika kumi kumi mara nne kwa siku, wamwache yeye aje. Kucheza kwa kipande cha kitambaa kwenye fimbo, vidole haramu. Uzi wa kushonea (siyo huu tunaosoma) ufichwe, akiumeza unakunja utumbo. Ukiona unaning'inia nyuma usiuvute, mpeleke kwa daktari.

#21 Tukuyu_mvua

Na kumfunga kamba shingoni mpaka azoee? Huku naona wengi.

#22 Ghala_Vwawa

Anapanda kiti, anaruka upande wa pili, kamba fupi. Umeelewa. Ndiyo maana tunasema chumba.

#23 NjombeKaskazini

Wakuu, samahani kuingilia usiku huu. Kipaka cha wiki saba, kimeletwa jana asubuhi, hakijala tangu kije, sasa kimelala tu na masikio ya baridi. Nikipe maziwa ya moto kwa bomba la sindano?

#24 MamaUsipa

Usimpe maziwa wala chakula bado. Mwili ukiwa wa baridi tumbo halifanyi kazi, chakula kitabaki humo au kitaingia mapafuni.

Mweke ndani ya sweta lako, ngozi kwa ngozi, na chupa ya uvuguvugu upande wa nyuma ikiwa imefungwa kitambaa. Polepole, dakika 30 hadi saa nzima, usimkaribishe kwenye moto. Kama ana uwezo wa kumeza, paka tone la glukosi iliyokorogwa au asali kwenye fizi kwa kidole, rudia kila dakika kumi. Masikio na nyayo zikipata joto na kichwa akakiinua, hapo pasha dagaa waliotwangwa kwa mchuzi wake hadi wanuke vizuri, paka kidogo kwenye mdomo wa juu aulambe. Pua ikiwa imeziba hatakula kwa sababu hanusi, ifute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Vuta ngozi ya mabegani uiachie. Isiporudi mara moja, ameishiwa maji. Fizi zikiwa nyeupe, au akiwa anaharisha, au hadi asubuhi hajala, usisubiri uzi huu, amka na daktari wa mifugo.

#25 NjombeKaskazini

Yuko ndani ya sweta. Masikio yameanza kupata moto. Amelamba asali.

#26 MamaUsipa

Endelea. Kijiko kimoja cha chai cha chakula, siyo zaidi, kisha baada ya saa mbili kingine. Leo usilale naye kitandani, ukigeuka umemlalia. Boksi liwe kando ya kitanda, chupa ibadilishwe saa nane.

#27 Igawa_junction

Swali langu la mwisho: lini anatoka nje?

#28 KonaYaUyole

Ukiweza kungoja ahasiwe ndiyo bora, miezi minne hadi sita. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, siku 63 hadi 65 baadaye unatafutia watoto wanne nyumba kwenye uzi mwingine. Usipoweza, basi wiki tatu ndani kwa uchache na chanjo ziwe zimekamilika.

Siku ya kwanza ya nje mtoe kabla ya mlo wa jioni akiwa na njaa, saa kumi hivi, pasipo mvua wala mbwa. Fungua mlango, usimbebe kumpeleka, atoke kwa miguu yake anuse njia. Dakika 15. Gonga kisahani cha MamaUsipa, ale ndani, funga. Kesho dakika 20. Usiku abaki ndani siku zote, usiku ndipo anapoliwa na mbwa na kugongwa na bodaboda.

#29 NjombeKaskazini

Saa kumi na moja alfajiri. Amekula vijiko viwili, amekojoa kwenye maranda, sasa anang'ata kamba ya kiatu changu.

#30 MamaUsipa

Ficha hicho kiatu.